Plau la diski lililotumika: kabla hujalipa, chomoa pini ya juu

Plau langu la kwanza nililinunua kwa macho. Diski tatu za inchi 26, rangi ya bluu mbichi ambayo bado ilikuwa inanukia, grisi imejaa kwenye kila nipeli, yaani kitundu cha kuingizia grisi. Muuzaji alizungusha diski kwa kidole kimoja, ikateleza bila kukwaruza. Nikalipa siku ileile.

Shambani, mitaro miwili ya mwanzo ilikwenda vizuri. Wa tatu nikaona diski ya nyuma inazama, inaibuka, inazama tena, na kila dereva alipoinua plau ili ageuze, chuma kiligonga chuma: ta! Fundi alipofika hakugusa diski wala beringi. Alichomoa pini ya mkono wa juu, mmoja wa mikono mitatu inayoliunganisha plau na trekta, akaingiza kidole kwenye tundu, akaniita nitazame. Tundu halikuwa duara tena, lilikuwa yai. Na ndani ya yai hilo kulikuwa na rangi ileile ya bluu. Maana yake aliyepaka rangi aliliona, akapitisha brashi.

Tangu hapo, nikienda kukagua plau, langu au la jirani, mambo mengine nayaacha mwisho. Idadi ya diski na nguvu ya trekta muuzaji yeyote atakueleza hata kabla hujauliza. Diski iliyolika inabadilishwa. Beringi zinabadilishwa, na skrepa ya kukwangua udongo kwenye diski, ukikosa ya kununua fundi anakukatia bamba. Ninachokitafuta ni pale plau linapoungana na trekta: pini mbili za chini, na tundu la juu kwenye ule mnara wa plau wenye umbo la A.

Sababu ni hii. Plau likiwa ardhini linalima, mikono miwili ya chini inavuta na mkono wa juu unasukumwa. Ukiliinua, mambo yanageuka: uzito wote unaning'inia nyuma na mkono wa juu ndio unaovutwa. Kwa hiyo kila mwisho wa mtaro pini inahama kutoka ukuta mmoja wa tundu kwenda ukuta wa pili. Ikiwa imekaa vizuri, hutasikia kitu. Ikiwa ina nafasi, inagonga, na kila ikigonga inaongeza nafasi. Ndiyo maana yai hilo huwa limelala, mbele na nyuma. Mtu akilipima juu na chini peke yake ataona tundu zima.

Chanzo mara nyingi ni kuchanganya daraja, yaani saizi za maungio ya trekta na plau. Trekta ndogo nyingi zina maungio ya daraja la kwanza: pini ya juu milimita 19, za chini 22. Trekta kubwa kidogo hutumia daraja la pili, pini ya juu milimita 25 na za chini 28. Mtu ana plau la daraja la pili, trekta yake ni ya daraja la kwanza, anachomeka pini ya 19 kwenye tundu la 25 na kwenda kulima. Milimita sita za kucheza tangu siku ya kwanza! Bushi ya kupunguzia tundu ni kipande kidogo tu cha chuma, lakini wengi hawaiweki. Na hata upana haufanani: kati ya mikono ya chini daraja la kwanza lina milimita 683, la pili 825, kwa hiyo mikono inatanuliwa kwa nguvu na pini zinakaa upande.

Wapo watakaosema milimita tano si kitu kwenye chuma cha shamba. Hesabu basi. Mnara wa daraja la pili una kimo cha milimita 610 kutoka pini za chini. Diski ya mwisho ikiwa mita 1.8 nyuma ya pini hizo, kila milimita moja ya kucheza kule juu inakuwa karibu milimita tatu kwenye diski. Milimita tano zimeshakuwa kumi na tano. Gurudumu la mtaro, lile la nyuma ya plau linalotembea ndani ya mtaro, litapunguza kidogo, lakini ukitazama shamba lako utaona mawimbi.

Basi nenda na kalipa ya kupimia upana wa tundu, au hata pini yako mpya ya saizi sahihi. Chomoa ya muuzaji, ingiza yako, itikise mbele na nyuma. Mimi nikipata milimita moja nakubali. Mbili, naanza kupunguza bei. Tatu na zaidi, naondoka, isipokuwa plau lenyewe ni la chapa nitakayoitaja sasa hivi na fremu yake haijawahi kuchomelewa.

Chapa hiyo ni Baldan ya Brazili, kampuni iliyoanza mwaka 1928 mjini Matão. Sifichi kwamba naipendelea. Maplau yake niliyowahi kuyakagua yalikuwa na masikio ya bamba nene pale pini inapopita, na hata yaliyokuwa yamelika yalibaki na chuma cha kutosha kuzunguka tundu, kiasi kwamba fundi aliweza kulipanua na kubana bushi ndani. Hilo ndilo linaloamua kama plau bovu linaokoleka. Bamba jembamba ukilipanua unabaki na ukingo kama wa kopo.

La pili naliweka Nardi, la Italia. Ni zuri, na ningelichukua bila wasiwasi kama tundu limefaulu kipimo changu. La tatu ni Massey Ferguson ya zamani, kwa masharti: ikague pini za chini kwa makini, kwa sababu umri umezitembelea, na ukiona shingo ya pini imekuwa nyembamba kuliko ncha yake, achana nayo.

Maplau ya kuiga yasiyo na chapa yapo na ni ya bei rahisi. Kwa trekta ndogo na udongo laini yanaweza kufanya kazi. Mimi silinunui likiwa limetumika.

Sasa niseme kuhusu wauzaji, maana hapa ndipo panaponiuma. Rangi mpya inapandisha bei kuliko chuma kizima. Nimeona plau lenye kutu na matundu safi likiuzwa kwa bei ya chini ya lile lililopakwa na kujazwa yai kwa vijiti vya kuchomelea. Nimeambiwa, "Ukilifunga kwenye trekta umelinunua," kana kwamba kulijaribu ni wizi. Nimekuta pini zimeondolewa, eti zinauzwa peke yake, na ukiuliza zilikwaruzika wapi hakuna anayejua. Mtu anaweka akiba ya msimu mzima, halafu anauziwa rangi. Muuzaji akikataa pini isichomolewe, mimi naona amekwisha kunijibu.

Ukishalinunua, ukarabati uanze na tundu kabla ya kupaka chochote. Usikubali fundi ajaze yai kwa moto na kulichonga kwa tupa, kwa sababu masikio mawili hayatalingana na pini itakaa mshazari. Ama apanue matundu yote mawili kwa pamoja na kubana bushi ngumu, ama akate masikio na kuweka mapya yaliyotobolewa yakiwa yamebanwa pamoja. Beringi, fungua, osha, weka grisi mpya, kaza nati mpaka diski isicheze lakini izunguke.

Kulifunga: egesha plau mahali tambarare, likae kwa miguu yake lisiyumbe. Anza na mkono wa chini wa kushoto, kisha wa kulia ambao una kirekebishio cha kimo, mwisho mkono wa juu. Asisimame mtu kati ya trekta na plau wakati dereva anarudi nyuma. Weka pini ndogo za usalama za kweli, si msumari wala waya. Kaza cheni za kuzuia mikono kuyumba, inua plau mara tatu au nne polepole, na usikilize pale juu. Ukisikia ta!, shusha plau chini, zima injini, uanze upya na ile pini.