Uzoefu wangu: wastani wa mawimbi kwenye Rigol DS1054Z kupitia kompyuta

Kama una osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kiooni) ya Rigol DS1054Z mezani na bado unabonyeza vitufe kila ukitaka kuwasha wastani, yaani kuchanganya mawimbi mengi yanayojirudia ili kelele ipungue, chomeka waya wa LAN uiachie kompyuta kazi hiyo. Mimi natumia Python na PyVISA, maktaba ya kuzungumza na vifaa vya kupimia, nyuma yake pyvisa-py, kwa hiyo sihitaji furushi zito la madereva. Unaandika anwani ya IP ya mashine, unatuma *IDN? (amri ya kuuliza "wewe ni nani?"), ikijitaja jina na toleo lake mmeshaelewana.

Amri zenyewe ni mbili tu. :ACQ:TYPE AVER inawasha wastani, :ACQ:AVER 64 inataja idadi ya mawimbi. Idadi inakwenda 2, 4, 8 hivyo hivyo hadi 1024, basi anayetaka 100 achague 64 au 128. Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo: mawimbi 64 huishusha mara nane, na ukitaka nusu ya hapo, panda hadi 256.

Nimeitumia kutazama mwangwi wa sensa ya HC-SR04, inayopima umbali kwa mawimbi ya sauti. Kitu kikiwa mbali, mwangwi hurudi dhaifu na kuzama kwenye kelele. Triga, yaani ishara inayoiambia osiloskopu ianze kuchora wimbi, nimeiweka kwenye chaneli 2, kwenye pulsi ya maikrosekunde 10 inayotoka Arduino (bodi ndogo ya kuendesha sensa), wala si kwenye mwangwi wenyewe. Usicheze na hilo, maana triga ikiyumba, wastani unafuta kelele pamoja na wimbi unalolitafuta. Ikitulia, utepe mnene kiooni unakonda, na vilima vya 40 kHz vinaanza kujitokeza kimoja kimoja. Pitisha mkono mbele ya sensa, vinavurugika, na vinachukua muda kurudi sawa.

Programu nayo lazima isubiri. Arduino yangu inatuma pulsi mara 10 kwa sekunde, kwa hiyo mawimbi 64 ni sekunde 6.4, ukivuta data mapema unaletewa wimbi bichi. Data inatanguliwa na herufi 11, #9000001200, halafu ndiyo baiti 1200 za kiooni. Zikate hizo herufi kwanza, la sivyo grafu itaanza na miiba ya ajabu.

Kitu kimoja ukijue kabla hujaitegemea: kila nukta inakuja kwa biti 8, yaani ngazi 256 basi. Hata ukiomba WORD (baiti mbili kwa kila nukta), baiti ya juu ni sifuri tupu. Ule ulaini ulioupata kwa wastani unapotelea njiani. Kwa kutazama kiooni, hakuna shida yoyote. Kwa vipimo vya kuingia kwenye ripoti, narudisha NORM (hali ya kawaida isiyo na wastani), natuma :SING (nasa wimbi moja), nasubiri :TRIG:STAT? ijibu STOP, navuta wimbi, narudia, kisha NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inapiga wastani. Ni polepole, tena sana, lakini ninabaki na kila wimbi mkononi, lililoharibika nalitupa, na tofauti ndogo kuliko ngazi moja zinaonekana.