Skana ya Albamu za Zamani: Ulizeni Kina Kabla ya Kuuliza Nukta

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu skana yamekuwa ya namna moja. Mtu amenunua mashine mpya ili aziingize albamu za familia kwenye kompyuta na kupunguza mrundikano wa masanduku nyumbani. Ameweka juu ya kioo ukurasa wa albamu ya harusi ya wazazi wake, na nakala imetoka ikiwa safi pembezoni lakini yenye ukungu katikati, pale pale ulipo uso wa bibi harusi. Akirudi dukani huambiwa kwamba picha yenyewe imechakaa. Maelezo hayo si ya kweli, na yananiudhi kwa sababu humfanya mtu azione picha za wazazi wake kuwa mbovu ilhali kasoro iko kwenye mashine.

Sitazungumzia kasi wala uwezo wa kuunganishwa bila waya. Kuhusu nukta kwa inchi, zile namba kubwa zinazochapishwa kwenye boksi, nitasema machache tu: kwa picha ya karatasi nukta 600 zinatosha, na karibu kila skana bapa, yaani ile ya kulaza picha juu ya kioo, inayouzwa leo inazifikia. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa nukta 600 hutoa pikseli 2400 kwa 3600, na ikihifadhiwa kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, huchukua takriban megabaiti 26. Kupanda zaidi ya hapo, kwa picha nyingi za karatasi, ni kujaza diski bila kupata sura mpya.

Jambo ambalo halitajwi ni kina, yaani umbali kutoka kwenye kioo ambao skana bado inaweza kuona sawasawa. Skana bapa ni za aina mbili. Zile za CIS, ambazo ni nyembamba na nyepesi, zina kihisi chenye upana wa karatasi nzima kinachopita karibu kabisa na kioo. Kitu kikigusa kioo huonekana vizuri, lakini kikiinuka hata milimita moja hivi huanza kufifia. Zile za CCD hutumia vioo vya kuakisi na lenzi kuipunguza taswira hadi kwenye kihisi kidogo, na kwa sababu hiyo huona vizuri hata vitu vilivyoinuka milimita kadhaa. Ndiyo maana umbo la skana ya CCD ni nene, na unene huo wauzaji huueleza kama dalili ya uzee.

Albamu zetu hazilali bapa hata siku moja. Zile za kurasa zenye gundi na nailoni juu yake, zilizoenea miaka ya 1970 na 1980, hujikunja kadiri gundi inavyokauka, na kubandua picha kwa nguvu ni kuichana. Albamu za zamani zaidi zina kurasa nene nyeusi, na picha zimeshikwa kwa vipembe vinavyoziinua kutoka kwenye ukurasa. Vitabu vya kumbukumbu ndivyo vigumu kuliko vyote, kwa kuwa ndani yake mna kadi za mwaliko zilizokunjwa, riboni, maua makavu na vipande vya magazeti. Ongezeni unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja, unaozifanya hata picha zisizobandikwa zijipinde kama majani makavu, nanyi mtaona kwa nini kina kinanishughulisha kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni Epson Perfection V600, na sifichi upendeleo wangu. Ni ya CCD, na pia inaskani negativu za milimita 35 na zile pana za filamu ya aina ya 120, ambazo mara nyingi hukutwa ndani ya bahasha nyuma ya albamu. Teknolojia yake ya Digital ICE hutumia miale ya infraredi kuondoa alama za vumbi na mikwaruzo kwenye negativu za rangi. Kwa negativu za kawaida za nyeusi na nyeupe haifai, kwa kuwa fedha iliyomo ndani yake huizuia miale hiyo. Bei yake ni mara kadhaa ya skana nyembamba, na mpya ikikosekana ningechukua iliyotumika kabla ya kufikiria aina nyingine.

La pili ni kamera nzuri iliyofungwa kwenye stendi na kutazama chini, yenye taa mbili za pembeni zilizoinamishwa ili nailoni isimeremete. Hii ndiyo njia ya albamu zinazozidi ukubwa wa A4, kwa sababu hazienei kwenye kioo, na kuzilazimisha ni kuvunja mgongo wa albamu.

Canon LiDE 400 na Epson V39 ni za CIS. Zinafaa kwa picha zilizokwisha kutolewa na zilizonyooka, basi. Programu ya simu ya Google PhotoScan ni ya bure na hupunguza mng'ao, lakini nakala yake ni ya kutumiana tu. Epson FastFoto husifiwa kwa kuskani picha moja kwa sekunde, ila huzivuta kwa rola, na picha iliyotoka kwenye albamu ya gundi haipaswi kukaribia rola.

Nina kinyongo na maduka yanayoandika “skana ya picha” juu ya printa yenye kioo, yakitaja nukta zinazobuniwa na programu badala ya kuonwa na kihisi, huku hakuna anayeweza kujibu kama ni CIS au CCD. Msibishane nao. Nendeni na rula, mlaze ncha moja kwenye kioo na ncha nyingine juu ya kiberiti, kisha ombeni mashine iwashwe na rula iskaniwe. Tazameni mistari inafifia kuanzia wapi: kwenye CIS ni karibu mara tu rula inapoanza kuinuka, na kwenye CCD ni mbali zaidi. Kama mashine imeletwa kutoka Marekani, someni pia maandishi ya adapta. Isipotaja volti 220 hadi 240, ongezeni gharama ya adapta nyingine kwenye bei mliyoambiwa.