Bandcamp kwa mtu wa podikasti ya muziki wa majaribio, maoni yangu baada ya miaka mitatu

Watu wananiuliza sana, hivi ile miziki ya ajabu unayopiga kwenye podikasti yako unaitoa wapi, na jibu langu ni lile lile, karibu yote naitoa Bandcamp, sasa leo nimeona niandike vizuri mtu asome mara moja aelewe. Nimeitumia miaka mitatu, mwanzo kama msikilizaji tu, baadaye nikaanza podikasti ya muziki wa elektroniki wa majaribio na hapo ndo nikaijua kwa undani, mazuri yake na mapungufu yake.

Kwanza ieleweke hii sio ile ya kulipia kwa mwezi halafu unasikiliza kila kitu. Ni kama duka la muziki la mtandaoni. Lilianza 2008, msanii mwenyewe au lebo yake ndogo anafungua ukurasa, anapandisha albamu, anapanga bei, na wengine wanakuachia bei useme wewe, hata sifuri. Albamu nyingi unasikiliza yote kwanza bila kulipa, ukipenda unanunua, ukitaka kuongeza juu ya bei unaongeza. Kampuni inakata asilimia 15 kwenye mafaili na 10 kwenye vitu vya kushika mkononi kama kaseti na santuri, ukitoa na makato ya malipo kinachobaki ni cha msanii. Na tangu Machi 2020, wakati wa korona, kuna zile Ijumaa ambazo wao hawachukui fungu lao kabisa, mi nikiwa na vitu vingi vya kununua navisubirisha hadi siku hiyo ifike.

Lakini kilichonikamata ni namna ya kugundua vitu. Kule kwingine algorithimu inakupa kinachofanana na ulichosikiliza jana, sasa muziki wa majaribio uzuri wake ndo huo wa kutofanana na kitu, kwa hiyo unaishia kuzungushwa kwa watu wale wale kumi. Huku chini ya kava la albamu kuna picha ndogondogo za watu walioinunua, ukibonyeza mmoja unaona mkusanyiko wake wote, kila alichokitolea hela. Yaani mtu amenunua albamu ya droni (sio zile za kuruka, hii ni sauti moja inavutwa dakika 20 inabadilika polepole mpaka unaanza kusikia vitu ndani yake), pembeni ana kaseti ya noizi (muziki wa kelele tupu), ana rekodi za barafu ya ziwa ikipasuka, ana mtu anayepiga sinthesaiza (ala ya umeme inayotengeneza sauti) aliyoitengeneza mwenyewe, na wewe unajua huyu mtu ana masikio, unamfuata. Hapo usiku unaisha hujalala. Mimi vipindi vyangu sita vya mwanzo vilitoka kwenye mkusanyiko wa mtu mmoja tu ambaye simjui hata sura.

Tagi zenyewe, yale maneno ya kutaja aina ya muziki ambayo unaweza kutafutia, usiziamini sana. Msanii ndo anajiwekea, kwa hiyo unakuta mtu ana biti za kawaida kabisa na ameandika majaribio, na mwingine kafanya kitu hakijawahi kusikika na hajaweka tagi yoyote ya maana. Tagi zitumie kama mlango tu, ukishaingia fuata watu na fuata lebo ndogo, zile zinazotoa kaseti 50 basi zimeisha, maana mwenye lebo ya hivyo ameshachuja kwa niaba yako na anachuja kwa mapenzi. Soma na maelezo ya albamu jamani, wengi wanaandika wametumia mikrofoni gani, wamerekodi wapi, kwa nini. Kupitia maelezo hayo ndo nikafika kwa wanaotengeneza muziki kwa sauti za vitu badala ya ala, nikaja kujua kumbe kazi hii Pierre Schaeffer aliianza kwenye redio ya Ufaransa mwaka 1948 kwa sauti za treni. Nikafanya kipindi kizima juu ya hilo, nikiweka watu wa sasa hivi wanaoendeleza wazo lile lile kwa laptopu.

Sasa wewe unayetaka kuanzisha podikasti nisikilize hapa, kununua albamu SIO ruhusa ya kuipiga kwenye kipindi. Umenunua ya kusikiliza. Chini ya ukurasa wa albamu kuna mstari wa haki, wengi wamehifadhi haki zote, wachache wameweka leseni za Creative Commons, yaani ruhusa iliyoandikwa tayari ya kutumia kazi kwa masharti, na hizo nazo usome herufi zake, NC maana yake sio kwa biashara kwa hiyo kama una matangazo kaa nayo mbali, ND maana yake usiikatekate wala kuichanganya na kingine. Kwa waliobaki unaandika kuomba, na hapa ndo Bandcamp inashinda kwa mbali kwa sababu kurasa nyingi zina sehemu ya kuwasiliana na msanii mwenyewe, na msanii huru mara nyingi ndo mwenye haki zake, hakuna ofisi tano katikati. Barua kumi za kwanza nilizoandika, saba zilijibiwa, zote saba wakakubali. Mmoja akaniambia ile sauti niliyoisifia nikidhani ni sinthesaiza ni jokofu lake bovu, alibandika mikrofoni ya kugusa, ile inayonasa mtetemo wa kitu, nyuma yake usiku kucha. Nikasoma barua yake hewani kwa ruhusa yake na bado ndo kipindi watu wananikumbusha.

Upande wa ubora wa sauti, ukisikiliza bure unapata MP3 ya kbps 128, inatosha kuamua kama unapenda, usiirekodi hiyo ukaitumia kwenye kipindi. Ukinunua unachagua fomati, chukua FLAC au WAV, hizo hazitupi chochote kwenye sauti. MP3 inafanya kazi kwa kutupa kile inachokadiria sikio halitakisikia, na kwenye noizi au punje za sauti ndogondogo hakuna cha kutupa kirahisi, kila kitu kina kazi yake, ukiibana mara mbili inageuka kama maji ya bomba. Kitu kingine kilichonitoa machozi sio Bandcamp, ni huduma moja ya kupandishia podikasti niliyoanza nayo, ilikuwa na kitufe cha kusawazisha sauti na kukata ukimya chenyewe. Kwa maongezi sawa. Kwa muziki ambao ukimya ni nusu ya kazi ni balaa, kipande cha dakika 14 kikatoka cha dakika 9, na sehemu za chini zimenyanyuliwa zikawa juu sawa na zingine. Siku hizi nasawazisha maongezi peke yake kwenye LUFS -16 hivi (LUFS ni kipimo cha sauti inavyosikika kubwa au ndogo), muziki nauacha ulivyo, na mwanzoni nawaambia wasikilizaji vaeni hedifoni.

Wasiwasi wangu kwa Bandcamp ni umiliki. Epic Games, kampuni ya michezo ya video, waliinunua 2022, mwaka uliofuata ikauzwa tena kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mpaka sasa mimi kama mtumiaji naona inaenda, ila msanii pia anaweza kuamua kuondoa albamu yake siku yoyote, kwa hiyo ukinunua pakua siku hiyo hiyo na weka nakala mbili.

Nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwenye tagi. Sasa hivi nina barua tatu sijajibiwa, moja ni ya yule wa barafu ya ziwa, akikubali ndo anafungua kipindi kijacho.