Agano Jipya na Zaburi, toleo la mfukoni: miezi kumi na moja nikiwa nalo lindoni

Nilikinunua kwa shilingi 6,000 kwa muuza vitabu wa barabarani pale Posta, Dar es Salaam. Jalada ni plastiki laini ya bluu iliyokoza, na kitabu chote kinaingia kwenye mfuko wa shati la sare bila kutokeza. Hilo ndilo lililonifanya nikichague. Mimi ni mlinzi wa usiku. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na kazini kwetu simu haziruhusiwi lindoni. Kwa hiyo mtakaoniambia kuna Biblia ya bure kwenye simu, kwangu haisaidii.

Niseme wazi kwamba ninachokipitia hapa ni upande wa Zaburi. Agano Jipya nilikuwa nalo nyumbani. Tafsiri ni Union Version, ile ya mwaka 1952, na Zaburi zote 150 zimo nyuma ya Ufunuo.

Mwaka jana mama aliugua. Nikachukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, laki nane. Mama hakupona. Tulimzika Singida, deni likabaki likizaa. Mke wangu sikumwambia kitu. Mwezi wa kwanza nilisema mshahara umechelewa, mwezi wa pili nikasema hivyo hivyo. Usiku mmoja getini nikakifungua tu kitabu, macho yakatua Zaburi ya 37: "Asiye haki hukopa wala halipi." Nilikifunga. Sikukigusa wiki nzima.

Nilipokirudia nilikutana na ya 88, ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa msibani. Msibani tunasoma ya 23, tunasoma ya 90. Hii ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna mstari wa mwisho wa kukutuliza: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Niliisoma mara tatu kwa tochi. Kuona kwamba mtu alimwambia Mungu maneno haya, na yakatunzwa pamoja na yale ya shangwe, kuliniondolea aibu. Nililia usiku ule kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama.

Lakini iliyonisukuma ni ya 32. "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa." Nilikuwa nimekonda kweli, mkanda wa sare nimeutoboa tundu jipya. Asubuhi ile nilipofika nyumbani sikulala. Nilimkalisha mke wangu nikamweleza deni lote, na tarehe zake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Baba Neema, ulikuwa unabeba peke yako kwa nini?" Jioni tukaandika hesabu kwenye daftari la genge lake.

Kuna nyingine ambayo naona iliandikwa na mtu anayeijua kazi yetu, ya 130: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi." Asiyekesha anaweza kudhani kurudia huko ni mapambo. Aliyekesha anajua kwamba saa tisa ya usiku unaitazama saa, unazunguka ukuta mzima, unarudi, na bado ni saa tisa. Ndipo unarudia.

Sasa kasoro, maana zipo na ni za kweli. Maandishi ni madogo mno. Mwenye miaka zaidi ya 45 asikinunue kabla ya kukijaribu kwenye mwanga hafifu. Karatasi ni nyembamba, jasho la kidole linaacha alama. Na kwa kuwa Zaburi ziko mwisho, ndizo zinazoachia kwanza: mwezi wa saba kurasa za kuanzia ya 119, ile ndefu ya mistari 176, zilichomoka zote. Fundi viatu alinigundishia kwa shilingi 1,000, na mpaka leo zimeshika.

Pia hakuna maelezo ya maneno hata kidogo. Neno "Sela" limejaa humo, hakuna pa kukuambia lolote. Mimi nikilifikia hutulia kidogo, nasikiliza geti, kisha naendelea. Katika ya 42 kuna "ayala" anayetamani mito ya maji. Nilimuuliza mwinjilisti wetu, akasema ni mnyama wa kufanana na kulungu. Tangu hapo napenda zaidi mstari ule, kwa sababu kwetu Singida kiangazi nimewaona wanyama wakichimba mchanga wa mto kwa kwato.

Anayetaka Kiswahili chepesi atafute tafsiri ya Habari Njema. Mimi sitabadilisha. Maneno haya mazito nayashika kichwani, na tochi ikiisha betri naendelea nayo bila kitabu.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya gundi.

Mke wangu nimemnunulia chenye maandishi makubwa. Hicho hakiingii mfukoni, kinakaa gengeni juu ya daftari letu la hesabu. Deni limebaki laki moja na tisini.