Hesabu za biashara yangu katika ODF: uzoefu wangu

Nilihamia LibreOffice, programu huria na ya bure ya kazi za ofisi, baada ya kufungiwa nje ya hesabu zangu mwenyewe. Programu ya uhasibu niliyokuwa nikiilipia kila mwaka ilihifadhi ankara na leja katika faili ambazo programu nyingine yoyote niliyojaribu ilishindwa kuzisoma. Leseni ilipoisha, faili zilibaki kwenye kompyuta yangu lakini hazifunguki. Nikalipia mwaka mwingine mzima ili nizitoe tu. Hadi leo linaniuma.

Sasa barua zangu ni .odt na lahajedwali ni .ods, yaani ODF (OpenDocument Format, muundo wazi wa faili za ofisi). Muundo huu ulipitishwa na OASIS, shirika la kuweka viwango, mwaka 2005, na mwaka uliofuata ukawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Kanuni zake zimechapishwa, hivyo yeyote anaweza kuunda programu ya kuusoma.

Faida yake niliishika kwa mikono siku leja ya mwaka mzima ilipogoma kufunguka. Kila nikijaribu, programu inajifunga. Faili la ODF kwa ndani ni kifurushi cha zipu. Nikatoa nakala, nikabadilisha .ods kuwa .zip, nikaifungua. Ndani mlikuwa na styles.xml inayobeba mapambo, na content.xml inayobeba data yenyewe. Hiyo ya pili niliifungua kwa kihariri cha maandishi matupu, na majina ya wateja na kiasi cha kila ankara vikawa mbele ya macho yangu. Kuvipanga upya kulinichukua jioni nzima, lakini sikupoteza hata safu moja.

Usumbufu upo. Nikihifadhi kama .docx, muundo wa Microsoft Word, kwa ajili ya mteja, majedwali yenye seli zilizounganishwa wakati mwingine huhama. Kwa hiyo kilichokamilika hutuma PDF, na .docx ni kwa anayelazimika kuhariri. Fonti ya Carlito imenisaidia sana: upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, fonti ya Microsoft, hivyo mistari haisogei. Makro za zamani za VBA (amri za kujiendesha za Microsoft Office) ndizo zilizonichosha. Kadhaa nimeziandika upya.

Mfumo wa ankara bado nautafuta. Kila muuzaji namwomba anitolee rekodi zote kwa .ods au CSV (jedwali la maandishi matupu) nikiwa natazama. Wa mwisho alisema huduma hiyo iko kwenye kifurushi cha bei ya juu. Nikamshukuru, nikaendelea kutafuta.