Uzoefu wangu na Volkswagen Beetle ya 1969: nunua bati, injini itafuata

Magari mengi yenye majina ya wanyama yana majigambo. Ford walimchukua farasi wa porini wakatoa Mustang mwaka 1964. Plymouth walikuwa wamewatangulia kwa wiki mbili na Barracuda, yaani mzia na meno yake yote. Chevrolet wakambandika swala pala wetu ubavuni mwa Impala, gari refu ambalo ukiliingiza kwenye njia za vumbi za Mikumi litabaki huko na swala wenzake. Waingereza wana Jaguar. Volkswagen hii haikutafuta sifa yoyote. Kiwandani iliitwa Type 1 tu. Watu ndio waliouona mgongo wake wakasema huyu ni mdudu, kwa Kiingereza beetle, na kampuni ikaja kulikubali jina baadaye.

Yangu ni 1300, yaani ya injini ya sisi 1300 hivi, ya mwaka 1969, usukani kulia, rangi ya maziwa. Niliinunua Moshi kwa mzee mmoja mstaafu, kwa bei isiyofika nusu ya Toyota IST iliyotumika. Ninaishi Dar es Salaam, na kwenda kununua gari Moshi hakukuwa matembezi. Beetle iliyokaa pwani miaka hamsini imekula chumvi miaka hamsini, na chumvi ndiyo adui wa gari hili kuliko uchovu wa injini. Matangazo yote utakayosoma yanasifu injini: "imefanyiwa ovahoo", "inawaka kwa mara moja". Sawa, lakini injini ya Beetle imeshikwa na bolti nne. Mafundi wawili na jeki wanaishusha kabla ya chai ya saa nne. Sakafu iliyooza haishuki kwa bolti. Inakatwa, inachomelewa, milango inaanza kukataa kufunga, na hela inayotoka hapo unaweza kuezekea nyumba.

Kwa hiyo ukienda kuangalia, acha injini kwanza. Nyanyua kiti cha nyuma. Betri inakaa chini yake, na asidi iliyomwagika kwa miaka mingi hutoboa sakafu hapo hapo. Ng'oa kapeti miguuni mwa dereva na abiria, gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize. Pitisha mkono kwenye boriti za chini ya milango, upande wa ndani. Fungua boneti ya mbele, toa tairi la akiba, utazame shimo lake. Halafu chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye madigadi ya magurudumu na chini ya milango: mahali inapoanguka pana puti, si bati. Mzee wa Moshi alinitazama nikifanya hivyo akacheka, akaniambia, "Kijana, wewe umekuja kuoa au kununua gari?" Sumaku haikuanguka ila sehemu moja, kwenye madigadi ya nyuma kushoto, na hiyo alikuwa ameshaniambia mwenyewe.

Betri hiyo hiyo ina jambo jingine la hatari. Springi za kiti cha nyuma ni chuma, na abiria mzito akikalia upande wake zinaweza kugusa vichwa vya betri na kuwasha moto. Weka mfuniko wa plastiki au kipande cha mpira mnene juu ya betri siku hiyo hiyo unayonunua. Badilisha pia mipira yote ya petroli inayoingia kwenye kabureta, na uifunge kwa klipu. Injini iko nyuma, ina joto, na mpira uliopasuka unadondoshea petroli juu yake. Beetle nyingi duniani zimekufa kwa moto wa namna hiyo. Mtungi wa kuzimia moto trafiki watakudai tu, ila kwa gari hili uweke mahali mkono unafika, usiuzike kwenye buti.

Sasa injini yenyewe. Haina rejeta, haina maji, inapozwa kwa hewa na oili. Oili ni lita mbili na nusu tu na haina filta ya karatasi, ina kichujio cha waya chini. Maana yake usiichezee: kila kilomita 5,000 imwagwe, na kwa joto la Dar mimi huimwaga mapema zaidi. Tapeti, yaani nafasi ya vali, zinasetiwa injini ikiwa imepoa kabisa, kati ya milimita 0.10 na 0.15. Fundi atakayetaka kuziseti gari limetoka barabarani kwa sababu ana haraka, mwondoe kwa heshima. Na mwambie aitazame zaidi silinda namba tatu. Kwenye injini za miaka hiyo kipoza oili kimekaa katika njia ya hewa inayoiendea, hivyo hiyo ndiyo hupata joto kuliko wenzake.

Kitu ambacho wenye magari ya kisasa hawakielewi ni fenibelti. Kwenye Corolla taa ya chaji ikiwaka na mkanda bado mzima, unaweza kujikongoja mpaka nyumbani. Hapa mkanda huo mmoja ndio unaozungusha dainamo ya kuchaji betri na feni ya kupozea injini. Taa nyekundu ikiwaka, simama papo hapo, hata kama uko katikati ya foleni ya Ubungo na watu wanakupigia honi. Mimi hutembea na mkanda wa akiba, spana ya 21 na bisibisi la kuzuia puli isizunguke. Kuubadili ni kazi ya dakika chache hata kwa mtu asiye fundi.

Mafundi ndio mtihani. Gereji moja niliyosifiwa sana ilikaza plagi kwa nguvu zote za ujana mpaka uzi wa silinda hedi ukaliwa. Hedi za Beetle ni za aloi laini, plagi inaanzwa kwa vidole, spana inakuja mwisho. Aliyeniokoa ni fundi mzee wa eneo la Gerezani ambaye amezishika gari hizi tangu zikiwa mpya; alitengeneza uzi mwingine, akanitoza kidogo, akanisema sana.

Barabarani, nitakuwa mkweli: ni polepole. Kasi ya juu ya kiwandani ni kilomita 120 kwa saa, nami sijaona sababu ya kuitafuta. Pua ni nyepesi, kwa hiyo usukani ni laini bila msaada wowote, lakini basi likikupita kwa kasi kabla ya Chalinze utasukumwa mpaka ukumbuke dua. Breki zote ni za ngoma. Ukitoka kwenye maji ya Jangwani zikaushe kwanza kwa kuzigusa taratibu. Kona usiingie kwa kasi halafu ukaachia mafuta ghafla, mkia utakuja kukusalimia. Kiyoyozi hakuna. Vile vioo vidogo vya pembetatu mbele ya milango vinafanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia, mradi gari linakwenda.

Ila kwenye mlima na tope, heshima. Nimelipandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto, mvua imenyesha, na magurudumu ya nyuma yalishika kana kwamba yana kucha, kwa sababu uzito wa injini umeyakalia. Hapo nikaelewa vizuri kwa nini Volkswagen ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, wakati njia zilikuwa matope matupu na wapinzani wengi walikuwa na injini kubwa zaidi.

Cha kuchekesha: maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba. Kuna vali inayozuia tairi lisiishiwe kabisa, lakini lijaze kila unapopita kwenye pampu.

Mafuta, ninapata kama kilomita 11 kwa lita, foleni ikiwemo. Vipuri vya injini si shida, maana Mexico waliendelea kuunda Beetle mpaka Julai 2003 na watengenezaji wa vipuri hawajafunga. Vya bodi ndivyo vinavyosumbua, hasa mipira ya milango na ya vioo, ambayo hapa utauziwa ya gari jingine ikiwa imekatwa kwa wembe. Agiza iliyo sahihi kutoka nje, uvumilie.

Kama unataka gari moja tu la familia, la kazini na safari, sikushauri. Kama una gari jingine na unapenda kushika spana Jumamosi, ninalipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imezuiwa na maji: mipira ya milango niliyoagiza haijafika, kwa hiyo masika haya abiria wa mbele anapanda na kandambili.