Caché: siri ya nyumba moja na usiku wa Oktoba 1961

Kwa wapenzi wa filamu za siri za familia, itafuteni Caché ya Michael Haneke, ya mwaka 2005. Niliitazama kwa Kifaransa huku nikisoma tafsiri chini ya skrini, na sijaona nyingine inayoumiza hivi bila kupaza sauti. Haina muziki hata kidogo wa kukuelekeza wapi uogope.

Georges (Daniel Auteuil) ni mtangazaji wa kipindi cha vitabu kwenye televisheni, Paris. Yeye na mkewe Anne (Juliette Binoche) wanaanza kuletewa kanda za video zinazoonyesha nyumba yao ikirekodiwa kutoka ng'ambo ya barabara. Zinafuatana na michoro ya kitoto yenye damu, na Georges anajua inamrudisha wapi. Wazazi wake walitaka kumlea Majid, mtoto wa Waalgeria waliofanya kazi shambani kwao. Georges, akiwa na miaka sita, akamzulia uongo ili aondolewe.

Wazazi wa Majid walikwenda kwenye maandamano ya Paris, 17 Oktoba 1961, wasirudi. Usiku ule si wa kutungwa. Algeria ilikuwa ikipigania uhuru kutoka kwa Ufaransa. Mkuu wa polisi, Maurice Papon, aliwawekea Waalgeria amri ya kutotoka usiku, na FLN, chama cha ukombozi cha Algeria, ikaitisha maandamano ya amani. Polisi waliwapiga na kuwaua, wengine wakatupwa katika mto Seine. Papon baadaye akawa waziri. Alipohukumiwa mwaka 1998, kosa lilikuwa kushiriki kuwasafirisha Wayahudi kwenda kambi za Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa usiku ule hakushtakiwa kamwe.

Georges anamsimulia Anne mauaji hayo kwa sentensi chache kavu, kisha anarudi kujitetea. Hapo nilimkasirikia kwelikweli. Uongo wa mtoto wa miaka sita nausamehe. Lakini mtu mzima anakaribishwa na Majid kwa upole, naye anajibu kwa vitisho! Maurice Bénichou, anayeigiza Majid, ana dakika chache tu, na ndiye ninayemkumbuka kuliko wote.

Msiitazame na watoto: kuna jogoo anayekatwa kichwa, na tukio jingine la damu linalokuja ghafla mno. Aliyetuma kanda hatajwi waziwazi, na wanaotaka jibu kamili watakereka. Mwishoni, kwenye ngazi za shule, msizime mapema. Angalieni chini upande wa kushoto.